Seramu ya niasinamidi kwa uso wa mafuta: miezi mitatu nikiitumia Arua Park

Jamani mi nina uso wa mafuta tangu niko sekondari, na sio yale mafuta ya kung'aa kidogo ukapendeza, hapana, haya ni ya kukaangia. Kazi yangu ni mobail mani, nina kibanda Arua Park hapa Kampala, pale mabasi ya kwenda Arua na Sudan Kusini yanapopakia, kwa hiyo kutwa nzima ni jua, vumbi, moshi wa mabasi, na mi nahesabu noti chakavu alafu mkono huo huo unapanda shavuni bila ata kujua. Saa nne asubuhi pua ishaanza kumeremeta. Kuna mzee mmoja wa kupakia mizigo akija kutoa pesa lazima aulize, "Dada, leo umeamka na samli ya nani?" Nacheka naye, nitafanyaje, mteja ni mteja.

Ila kilichonikera zaidi ni simu. Nikimaliza kuongea na mtu nikiteremsha simu naona shavu langu limechapwa pale kwenye kioo, duara kubwa la mafuta, nafuta na kanga, baada ya dakika tano limerudi. Siku moja nilimpa mteja simu aangalie meseji ya muamala akaishika kwa vidole viwili kama mtu ameshika samaki aliyelala. Siku ile ndio nikasema basi.

Sa kabla sijafika kwenye hii seramu niseme nilipopitia, maana najua wengi mko huko huko. Kwanza nilikuwa naosha uso mara tano kwa siku kwa sabuni ya kipande, ile ile ya kufulia nguo. Ukimaliza kuosha ngozi inavuta mpaka kucheka ni kazi, nikajua hapo ndio safi. Saa moja baadae mafuta yako pale pale, tena pembeni ya mdomo ngozi inabanduka magamba. Yaani una mafuta na umekauka kwa wakati mmoja! Baadae ndio nikaja kuelewa kwamba tezi zinazotoa mafuta ziko chini ndani ya ngozi na zinasikiliza homoni, hazijui kama umeosha au hujaosha, wewe unakwangua tu juu huku kiwanda kinaendelea na kazi.

Alafu nikaingia kwenye ndimu. Mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge jirani yangu aliniambia ndimu inakata mafuta, na kweli usiku niliona uso mkavu, nikafurahi, asubuhi nikapaka tena nikaenda kukaa juani. Msifanye. Maji ya ndimu na jua haviivani kabisa, nilipata doa jeusi kwenye taya lenye umbo la mchirizi, pale pale maji yalipotiririka, na lilikaa miezi. Yule mama mwenyewe alipoliona akasema, "Mwanangu, mimi nilikwambia usiku, sikukwambia uende nayo kazini."

Hii seramu sasa. Ni ile ya niasinamidi asilimia 10 na zinki asilimia 1, kichupa cha mililita 30 chenye kidondoo. Jina la kampuni silitaji kwa sababu ziko nyingi zinazofanana, angalia maandishi ya nyuma sio urembo wa mbele. Niasinamidi ni vitamini B3 tu, sio dawa ya ajabu. Haina harufu, ni kama maji mazito kidogo, ukipaka inanata dakika mbili tatu alafu inatulia.

Lakini ya kwanza kununua ilikuwa feki, lazima niseme. Niliinunua kwa mtu anayetandika vipodozi chini barabarani, elfu 20, nikajiona mjanja maana dukani ni elfu 45. Ina harufu ya pafyumu kali, kifuniko hakina ule mkanda wa plastiki wa kuonyesha haijafunguliwa, na jina la niasinamidi kwenye boksi limekosewa herufi moja, ila mi nani wa kusoma boksi. Siku ya nne mashavu yanawaka, wiki moja uso umeanza kuwa mweupe wenyewe, masikio na shingo vimebaki rangi yangu. Nilikuwa nataka kupunguza mafuta, sikuomba kubadilishwa rangi! Nikaitupa kwenye choo. Ndugu zangu, hizi krimu na seramu zinazokung'arisha ndani ya wiki moja ziogopeni, hidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) na zebaki kwenye vipodozi hapa Uganda ni marufuku, UNBS, wale wa shirika la viwango, wanazipiga vita, lakini mitaani bado zimejaa na boksi haliwezi kukwambia ukweli.

Ngozi ilihitaji kupumzika. Karibu wiki tatu sikupaka kitu zaidi ya maji na losheni nyepesi, alafu nikaenda duka la dawa nikanunua ya kweli.

Nilivyoitumia: asubuhi na usiku, naosha uso mara mbili tu kwa siku kwa sabuni laini ya uso, sio ya kipande, nakausha kwa kupapasa, alafu matone matatu. Matatu! Mwanzoni nilikuwa navuta kidondoo kizima napaka kama mafuta ya kupikia, matokeo yake nikipaka losheni juu inaanza kujikunja vijiuzi vyeupe kama ule uchafu wa raba ya kufutia shuleni, unasugua uso vinadondoka kwenye nguo. Nikadhani ngozi inabanduka, kumbe ni seramu yenyewe nimejaza. Ukipunguza na ukisubiri ikauke kabla ya losheni hiyo shida inaisha.

Wiki mbili za kwanza: hamna kitu. Kuwashwa kidogo kwenye mashavu siku tatu za mwanzo, ikaisha. Mzee wa samli bado anauliza samli. Nilitaka kuacha, maana elfu 45 ni hela, lakini nikasema nishaitoa wacha iishe. Kama wiki ya tano hivi nikagundua kitu kupitia simu, sio kioo: napokea simu nateremsha, alama ipo lakini imefifia, na ile mafuta ya saa nne imesogea mpaka saa saba saa nane. Naweka tishu puani saa sita, zamani ilikuwa inatoka imelowa unaona mpaka upande wa pili kama karatasi ya kufungia chapati, sasa inatoka na vidoa vidoa.

Kwa hiyo kama unataka uso mkavu kabisa kutwa nzima hapa mjini hautapata, labda ukae kwenye friji. Mafuta yamepungua, hayajaisha, kwenye hilo naipa tano kwa kumi. Lakini madoa! Hapo ndio sikutegemea. Yale madoa meusi ambayo chunusi ikiondoka inakuachia kama risiti, yamefifia taratibu, ata lile la ndimu kwenye taya sasa lazima nikuonyeshe kwa kidole ndio ulione. Kwa madoa naipa nane. Chunusi ndogo za kwenye paji zimepungua pia, ila sijui ni seramu au ni kwa sababu nimeacha kushika uso na mikono ya noti, siku hizi nina kitambaa chenye maji kwenye droo.

Kitu kingine, losheni ya kukinga jua ni lazima la sivyo madoa yanarudi, na hapa kwetu jua halina mchezo. Ya kwanza nilipaka nikatoka kama kijana wa imbalu, ile sherehe ya tohara kule Mbale, yule aliyepakwa unga uso mzima, wateja wanauliza kulikoni. Nimebadilisha nikachukua ya jeli isiyoacha weupe, iliyoandikwa haizibi matundu ya ngozi, na hiyo inakaa sawa juu ya seramu.

Mama yangu Arua yeye haelewi haya yote. Ananitumia mafuta ya shea kwenye chupa za soda kwa basi, yale Waacholi wanaita moo yaa, na kila nikipiga simu anauliza kama napaka usoni maana yeye kapaka miaka yote na uso wake hauna ata doa. Ni kweli hauna. Lakini mama ngozi yake ni kavu, mi nimechukua ya baba, nikipaka shea usoni kwenye hili joto ni mzigo. Napaka miguuni na viwiko na nikiulizwa nasema napaka. Sijadanganya.

Kichupa kimenifikisha karibu miezi mitatu, na kingefika mbali zaidi isipokuwa mdogo wangu wa kiume alikuwa anadokoa usiku. Nilimgundua kwa vile vijiuzi vyeupe kwenye ndevu zake, naye alikuwa anajaza kidondoo kizima. Juzi nimenunua viwili, elfu 45 kila kimoja, muuzaji akanisubiri nasoma boksi herufi kwa herufi, nakagua mkanda, nanusa, mpaka akaniuliza, "Dada, wewe ni wa UNBS?"