Kaya nne, betri moja: uzoefu wangu na sola ya pamoja

Jirani zangu watatu waliponiambia tuchange tununue sola moja ya pamoja, nilisita. Gharama haikunitisha sana. Nilichoogopa ni ugomvi. Sasa mfumo umetimiza miaka miwili, na wanaoniuliza kama unafaa nawajibu kwamba unafaa, ila mnapaswa kufunga mita tangu siku ya kwanza.

Tuna paneli mbili za wati 330, kidhibiti chaji cha MPPT (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri), inveta (inayogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa kawaida wa nyumbani) na betri ya volti 24. Mwanzoni hatukuwa na mita. Taa zikizimika saa tano usiku, kila mtu anamtazama mwenzake. Sote tulimshuku mama wa nyumba ya tatu, maana ana watoto wengi na televisheni yake haizimwi mapema. Mwezi wa tatu tukafunga mita ndogo kila nyumba. Baada ya wiki moja ikaonekana kuwa mama yule ndiye anayetumia kidogo kuliko sisi wote: taa zake zilikuwa za LED za wati 9, wakati mimi bado nilikuwa na balbu mbili za zamani za wati 60. Nilikwenda kumwomba radhi.

Kisha tukagundua jambo jingine. Tulijumlisha mita zote nne, na jumla haikufikia umeme uliotoka kwenye betri. Umeme ulikuwa unakwenda wapi? Fundi alituambia tuzime kila kitu, inveta peke yake ibaki imewashwa. Kioo chake kikasoma wati 20. Yaani inveta ilikuwa inakula wati 20 usiku na mchana bila kumhudumia mtu, karibu nusu uniti kila siku. Tukavuta waya wa taa moja kwa moja kutoka kwenye betri, tukaweka balbu za volti 24, na sasa inveta tunaizima saa nne usiku hadi alfajiri. Tangu hapo hatujalala gizani, na hatukuongeza hata paneli moja.

Betri ndiyo iliyoniumiza. Aliyetuuzia mara ya kwanza alitupa betri za asidi na hakutueleza kwamba hazitakiwi kushuka chini ya nusu ya chaji. Tulizikamua kila usiku, zikafa baada ya miezi 14. Mzigo mzito ule, na madini ya risasi yaliyomo ni sumu, kwa hiyo msizitupe ovyo. Zipelekeni kwa wanaozirejeleza. Tuliyo nayo sasa ni ya lithiamu, aina ya LFP (lithiamu chuma fosfeti). Tunaishusha hadi asilimia 20 bila wasiwasi, na betri za aina hii hustahimili maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia. Wanaoishi kwenye baridi kali wajue tu kwamba haifai kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0.

Kuhusu paneli, msishtuke mkiona namba ndogo kuliko iliyoandikwa nyuma yake. Wati 330 hupimwa kiwandani seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juani juu ya paa la bati, seli zikifika nyuzi 60, hupungua zaidi ya asilimia 10. Mchana wa jua kali sisi hupata wati 500 hivi kwa paneli zote mbili, na nimeridhika. Kivuli ndicho kibaya zaidi. Tawi moja lilikuwa linaangusha kivuli kwenye kona ya paneli kila alasiri, na nilisimama mbele ya kioo cha vipimo nikaona wati 400 zinaporomoka hadi 150. Tulilikata siku ileile. Vumbi tunalifuta asubuhi mapema kwa kitambaa chenye maji, kabla kioo cha paneli hakijapata moto.

Ningeupa mfumo huu nyota nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa sababu ya zile betri za mwanzo.

Sasa kaya mbili zinataka friji. Tumepiga hesabu: friji ndogo isiyokula sana ni nusu uniti kwa siku, friji mbili ni uniti nzima, na inveta haitazimwa tena usiku. Kwa paneli mbili haiwezekani. Tumekubaliana kuanza kuchangia paneli ya tatu na ya nne, friji zifuate baadaye.