Riviu: picha ya kale ya daraja la Stirling, kazi nzuri ila msiamini maelezo ya muuzaji

Kamwene wadau. Nimeagiza picha ya zamani ya daraja la Stirling la kule Uskoti kwa muuzaji mmoja wa vitu vya kale Uingereza, ikaja kwa posta hadi hapa Iringa mjini, na niseme mapema kwamba nimeipenda mno, ila kuna kitu kwenye maelezo yake mnunuzi mwingine lazima akijue.

Kwanza hii sio picha ya kamera, na sio ya kuchorwa kwa penseli. Fundi alikuwa anachonga mistari kwenye bamba la chuma, anapaka wino, anafuta juu wino unabaki ndani ya mistari tu, halafu karatasi yenye unyevu inakandamizwa kwa mashine na kuunyonya. Zamani walitumia shaba lakini shaba laini, inachakaa mapema, ndo kuanzia miaka ya 1820 chuma kikashika kasi Uingereza maana bamba moja linatoa maelfu ya nakala na mistari bado iko vilevile. Njia yenyewe ilianzia kwenye uchapaji wa noti, walitaka noti zisighushiwe kirahisi. Nyingi ya picha hizi zilikuwa kurasa za vitabu, zikatolewa baadaye na kuuzwa moja moja, kwa hiyo bei yake sio ya kutisha, yangu haikufika laki, usafiri ndo ulikaribia kulingana na picha yenyewe.

Sasa chukua lenzi uisogelee, hapo ndo utamu ulipo. Anga lote ni mistari iliyonyooka sambamba, imebanana kiasi kwamba kwa macho matupu unaona kijivu tu. Kwenye maji ya mto Forth mistari inakatika katika, na ukifika chini ya matao inakuwa minene inapishana mpaka giza linatokea lenyewe, bila kupaka rangi yoyote. Matao yako manne, na nguzo za katikati zina zile ncha za kukata maji, hata jiwe moja moja unalihesabu. Hakuna nukta hata moja. Ukiuziwa picha ya aina hii ukaona kwenye lenzi ni vinukta vidogo vidogo vimejipanga, jua hiyo ni kopi ya juzi, rudisha.

Tatizo ni hili. Muuzaji ameandika kwamba hili ndo daraja alilopigania William Wallace, yule shujaa wa Uskoti aliyepigana na Waingereza, mwaka 1297. Sio kweli aisee, na limenikera kwa sababu historia ndo iliyonifanya niinunue. Daraja la vita ile ya tarehe 11 Septemba 1297 lilikuwa la mbao, hili la mawe limekuja kujengwa baadaye sana, karne ya 15 au ya 16 huko. Kwenye lile la mbao farasi wawili tu ndo wangeweza kupita sambamba, Wallace na kiongozi mwenzake Andrew Moray wakatulia wakaacha jeshi la Kiingereza livuke kidogo kidogo, waliovuka walipokuwa wa kutosha wakawashukia, walioko ng'ambo wakabaki wanaangalia wenzao wanauawa. Mweka hazina wa Waingereza, Hugh de Cressingham, alifia pale pale.

Sisi wa Iringa hii habari tunaielewa bila kufafanuliwa. Lugalo, 17 Agosti 1891, jeshi la Mjerumani limejipanga mstari mrefu kwenye njia nyembamba, watu wa Mkwawa wamejificha, wametulia, wakaja kuinuka kwa pamoja, na kamanda wa Wajerumani Zelewski, yule waliyemwita Nyundo, akafa. Karibu miaka 600 katikati na akili ni ile ile ya kumsubiri mwenye silaha kubwa mpaka aingie mahali pembamba. Ndo maana nimeitundika ukutani kwangu, nataka watoto waulize.

Kuhusu umri, muuzaji kaandika "karne ya 19" basi. Picha yenyewe inasema zaidi. Nyuma ya daraja kinaonekana kilima cha Abbey Craig na juu yake hakuna kitu, wakati leo pana mnara mkubwa wa Wallace, ulioanza kujengwa 1861 ukafunguliwa 1869. Kwa hiyo aliyechora alisimama pale kabla mnara haujapanda, huo ni ushahidi mzuri kuliko maelezo yote ya dukani.

Hali yake: madoa machache ya kahawia pembeni, kawaida kwa karatasi ya umri huo, hayajagusa daraja. Nyuma kuna selotepu ya zamani imegeuka njano, hiyo haikuonyeshwa kwenye picha za tangazo na walipaswa kuionyesha. Kufunga walifunga vizuri, kadibodi ngumu pande zote na nailoni ndani, haijakunjwa popote.

Fremu nimetengenezewa hapa hapa mjini. Mwambie fundi aweke karatasi nene ya kuzunguka ili kioo kisigusane na picha, hasa ninyi wa Tukuyu na Mufindi, ule unyevu wa huko ukiingia kati ya kioo na karatasi ukungu hautoki tena. Na asibandike gundi nyuma, hata akisema ndo anavyofanya siku zote.

Picha naipa nyota 5, muuzaji 3. Nikiagiza tena kwake nitaomba kwanza anipigie picha ya upande wa nyuma.