Walijaza gesi bila kuvuta hewa: uzoefu wangu na gereji ya AC za magari

Katika kipindi cha joto kilichopita nilipeleka gari kwenye gereji moja ya AC hapa Dar es Salaam, baada ya kondensa, sehemu inayopoza gesi ya AC hadi igeuke kimiminika, kutobolewa na jiwe. Kwa haki, kondensa mpya ilifungwa vizuri, na kazi ingeishia hapo ningewasifu bila kusita.

Fundi alifunga geji za presha, akachukua mtungi wa R134a, yaani gesi ya AC, na kuanza kufungua koki, ilhali pampu ya kuvuta hewa ilikuwa juu ya rafu, mpira wake umeviringwa na kufungwa kwa waya. Nilipomwomba aitoe kwanza kwa pampu hewa iliyomo kwenye mfumo, alinijibu bila hata kunitazama: "Bosi, gesi ikiingia inasukuma hewa yenyewe. Sina nusu saa ya kusikiliza pampu."

Inaisukuma iende wapi? Mfumo umefungwa. Hewa iliyoingia mabomba yalipofunguliwa hubaki humo humo, na kwa kuwa haigeuki kimiminika kama gesi ya AC, huchukua nafasi ndani ya kondensa na kupandisha presha hadi kompresa, inayoisukuma gesi kwenye mfumo, ielemewe. Unyevu, ambao katika mji wa pwani hauna uhaba, huganda kuwa barafu kwenye tundu jembamba la vali, na hatimaye huzalisha asidi inayokula vyuma. Pampu huishusha presha kiasi kwamba maji huchemka kwa joto la kawaida la mchana, yakatoka kama mvuke. Kisha huzimwa, na mshale wa geji, ambao hapa usawa wa bahari hukaribia inchi 30 za zebaki chini ya sifuri, huangaliwa: ukipanda, pana mahali panapovuja. Fundi yule aliruka hata kipimo cha kuhakiki kazi yake mwenyewe!

Haukupita muda, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, ubaridi ukakata. Nikaizima AC kwa muda, ile barafu ikayeyuka na ubaridi ukarudi, kisha ukakata tena. Fundi mwingine aliikusanya gesi yote kwa mashine, akabadilisha chujio la kukausha unyevu, akaiacha pampu ifanye kazi karibu saa nzima, kisha akaniita nijionee mshale uliotulia. AC sasa inapuliza baridi vizuri.

Nilikusudia kuandika kwamba gereji ile ya kwanza inafaa kwa kubadilisha vipuri tu. Lakini kondensa haibadilishwi bila kufungua mfumo, na mfumo ukifunguliwa lazima hewa ivutwe; kwa hiyo hata hilo msiwapelekee, na fedha yangu ya gesi bado ninaidai.