Gaziantep au Izmir: ule wapi Uturuki?

Kwa nyama na vitamu, nampa Gaziantep ushindi. UNESCO iliutambua mji huo kwa mapishi yake mwaka 2015, na baklava yake ya pistachio, kitamu cha tabaka nyembamba za unga na njugu, ina ulinzi wa jina katika Umoja wa Ulaya tangu 2013. Asubuhi watu hunywa beyran, supu ya kondoo yenye wali, vitunguu saumu na pilipili kali. Ni nzito, lakini tamu mno!

Izmir hushinda kwa wepesi: mboga za mwituni, atichoki na maharage ya mafuta ya zeituni, huliwa yakiwa yamepoa. Samaki ndio hupandisha bei. Mboga hizo hunoga majira ya machipuko. Baklava haingoji msimu.

Usiyekula nyama, nenda Izmir. Mpenda pilipili, anza Gaziantep.