Pompeii au Herculaneum: uanze wapi?

Ukifika Naples, Italia, na una siku moja tu, swali ni lilelile. Miji yote miwili ni ya Warumi wa kale, ilizikwa na volkano ya mlima Vesuvius mwaka 79 BK, na treni ya Circumvesuviana inasimama kote kuwili.

Kwa uvumbuzi mpya, Pompeii inaongoza. Mwaka 2020 wachimbaji walimaliza kufukua kibanda cha chakula: kaunta imechorwa jogoo na bata, na mitungini mlikuwa na mabaki ya bata, mbuzi, nguruwe, samaki na konokono. Chakula cha mtaani kabisa! Mwaka 2024 kikafuata chumba cha ibada chenye kuta za buluu, rangi iliyokuwa ghali mno. Ila mji una hekta 66, jua kali, na watu hadi 20,000 kwa siku.

Herculaneum unaumaliza kwa saa mbili tatu. Huko utaona mbao zenyewe zilizogeuka mkaa. Hati zake zilizoungua zilianza kusomwa 2023 bila kukunjuliwa. Neno la kwanza lilimaanisha zambarau. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko picha zote za ukutani.

Mwenye watoto wadogo aanze Herculaneum. Anayetaka mitaa mizima, Pompeii, asubuhi mapema.