Injini ya Fiat 126 ya cc 652 ndani ya Fiat 500 ya zamani

Kati ya injini zote zinazoingizwa kwenye Fiat 500 ya zamani, ya Fiat 126 yenye cc 652 ndiyo tunayoipendekeza bila kusita, kwa sharti kwamba inunuliwe nzima na mabati yake yanayoelekeza hewa ya kupoza yafungwe yote. Ni ukoo uleule: silinda mbili zilizosimama, inapozwa kwa hewa, inakaa nyuma. Fiat 500F iliyotengenezwa kuanzia 1965 ina cc 499.5, tundu la silinda likiwa milimita 67.4 na mwendo wa pistoni milimita 70. Fiat 126 ilipotoka mwaka 1972 tundu lilipanuliwa hadi 73.5, ikawa cc 594. Mwaka 1977 likafika 77, ikawa cc 652. Mwendo wa pistoni haukuguswa.

Nguvu inapanda kutoka farasi 18 hadi 24. Tarakimu hizo zinaweza kuonekana ndogo, lakini gari lenyewe lina uzito wa nusu tani tu. Tofauti inasikika zaidi mlimani: unabaki gia ya tatu pale ambapo zamani ungerudi ya pili. Kwa barabara za vilima vya Italia, hilo ndilo linalowafanya watu watoe pesa.

Usidanganyike na wanaouza silinda na pistoni za 652 peke yake ili uzipachike kwenye bloku ya 500. Midomo ya bloku hiyo ni myembamba kwa silinda hizo, lazima ichongwe kwenye mashine, na hedi nayo lazima ilingane na tundu jipya. Ukijumlisha gharama ya fundi wa mashine, injini nzima ya 126 iliyo hai ni nafuu. Anayetaka kubaki karibu na asili achukue ya cc 594, kwa kuwa kiwanda chenyewe kiliifunga ndani ya 500R, toleo la mwisho la 500, kuanzia 1972 hadi 1975, ikiwa imepunguzwa hadi farasi 18. Ya kuepuka ni ya 126 BIS ya cc 704: hiyo inapozwa kwa maji na imelazwa ubavu. Na mwenye Giardiniera, yaani 500 ya stesheni wagoni, atafute njia nyingine, maana injini ya gari hilo nayo imelala, kwa hiyo ya 126 iliyosimama haiingii vile ilivyo.

Kabla ya kulipa, fungua bolti sita za kifuniko cha puli ya krankishafti. Injini hizi hazina chujio la oili la karatasi. Oili inasafishwa kwa mzunguko wa puli, na uchafu unaganda ndani yake. Ukikuta tope zito, kavu, ujue oili haikubadilishwa kwa muda mrefu, na huenda beringi za kranki zimeumia. Pima kompresheni ya silinda zote mbili: zikipishana sana, ringi, valvu au gasketi ya hedi imekwisha. Tazama pia mirija ambamo vijiti vinavyosukuma valvu hupita kati ya bloku na hedi. Sili zake hukakamaa kwa joto na kuvujisha oili, na huwezi kuzibadilisha bila kung'oa hedi, kwa hiyo zibadilishe injini ikiwa bado chini.

Kuunganisha si kazi kubwa. Ondoa betri mbele, tenganisha mpira wa petroli na nyaya, tegemeza gia boksi kwa jeki, kisha vuta injini nyuma. Flaiwili na sahani ya kubana ya klachi vije na injini mpya, lakini diski ya klachi ifuate meno ya shafti ya gia boksi unayoitumia. Yahesabu meno kabla ya kuagiza. Pampu ya petroli inasukumwa na kijiti, na kipande cha bakelaiti (plastiki ngumu) na gasketi zilizo chini yake ndizo zinazopima urefu wa msukumo. Ukiweka gasketi nene kuliko zile za awali, petroli inapungua na gari linakatakata likiwa kwenye mwendo kasi. Tapeti na taimingi zipangwe kwa kitabu cha injini ya 126. Eksozi tumia ya 500.

Kinachoua injini hizi ni joto. Kwenye 500 hewa huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha nyuma, ikapita kwenye mfereji wa mpira hadi kwenye nyumba ya feni. Mfereji ukiwa umechanika, au mdomo wa nyumba ya feni ya 126 usipolingana nao, feni inavuta hewa ya moto iliyokwisha kuzunguka injini. Njia rahisi ni kuhamisha nyumba ya feni na dainamo ya 500. Mabati ya pembeni na ya chini yarudishwe yote pamoja na mipira yake. Fundi atakayekuambia hayana kazi, mnyang'anye spana.

Feni imekaa kwenye shafti ya dainamo, na mkanda mmoja unazungusha vyote viwili. Taa ya chaji ikiwaka safarini, simama mara moja, kwa sababu huenda mkanda umekatika na injini haipozwi tena. Mkanda unakazwa kwa kuongeza au kupunguza vijisahani kati ya nusu mbili za puli, mpaka ubonyee karibu sentimita 1 kwa kidole. Ukikaza kupita hapo unakula beringi ya dainamo.

Gia boksi ya 500 haina sinkro, yaani kifaa kinacholinganisha kasi ya gia kabla hazijaingiana, na nguvu iliyoongezeka inaichosha, hasa kwa dereva anayelazimisha gia. Ya 126 ina sinkro kwenye ya pili, ya tatu na ya nne, na difu yake ni ya meno 8/39 badala ya 8/41, kwa hiyo injini inazunguka pungufu kwa karibu asilimia 5 katika mwendo uleule. Tunashauri ibadilishwe pamoja na injini, ila linganisha shafti za magurudumu kwanza.

Breki za 500 ni dramu nne zenye mfumo mmoja wa mafuta: mpira mmoja ukipasuka, zote zimekwenda. Badilisha mipira yote, silinda za magurudumu na viatu kabla injini mpya haijawashwa. Italia kuna jambo jingine la lazima: namba ya aina ya injini, 110F.000 kwa 500F na 126A1.000 kwa hii ya cc 652, inatazamwa dhidi ya hati ya gari, na mabadiliko yanahitaji kuidhinishwa na Motorizzazione, ofisi ya serikali ya usajili na ukaguzi wa magari. Anza na idhini hiyo, na injini ya zamani uihifadhi ikiwa kamili.