Mota used ya kioo cha Hilux Vigo: uzoefu wangu

Kwa mwenye haraka: kama una Vigo iliyokula miaka na kioo cha dereva kimegoma, nunua mota used ya asili, mkasi wako wa kiwandani (vyuma viwili vilivyopishana vinavyonyanyua kioo) uache mlangoni, na usitoe hela kabla mota haijazungushwa kwa betri mbele ya macho yako. Mimi nilitoa shilingi 55,000 ya mota na 20,000 ya fundi, eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Ilikuwa kabla ya masika, na mpaka leo kioo kinapanda na kushuka bila ugomvi. Mwenye nafasi asome na yanayofuata.

Gari langu ni dabo kebini ya 2008, injini 2KD, linashinda kati ya Ifakara na Mlimba likibeba mpunga na watu. Vumbi la njia ile mnalijua. Kioo kilianza kwa kusuasua: asubuhi kinapanda vizuri, jua likiwa kali kinaishia katikati, ukikiacha kidogo kinaendelea. Hayo si mauzauza. Ndani ya mota kuna kinga inayokata umeme mota ikizidiwa na joto, ikipoa inaruhusu tena. Baadaye ikawa hakiendi mpaka ulipige ngumi kava la mlango huku umebonyeza swichi. Mwisho kikagoma kikiwa juu, nikashukuru, maana kingegomea chini ningelala na turubai mlangoni. Shida ikawa trafiki. Kila nikisimamishwa inabidi nifungue mlango mzima ndiyo nitoe leseni, na afande ukimfungulia mlango ghafla anaruka nyuma, mazungumzo yanaanza vibaya kabla hata hujamwamkia.

Fundi wa kwanza, huku huku kwetu, alisikiliza tu nikibonyeza swichi akatoa hukumu. "Bosi, hapo ni seti nzima, mota na mkasi wake. Ukiweka mota peke yake utanirudia." Nikamwambia, "Fundi, si tupime kwanza?" "Kupima nini bosi, kazi hii naijua." Nikawasha gari nikaondoka. Fundi anayetaja spea kabla hajafungua kava, mimi simpi gari.

Wa Gerezani ni kijana mdogo, na sifa zake nazitoa bila kinyongo. Alifungua skrubu iliyo nyuma ya kitasa cha ndani, akafungua ya kwenye kishikio cha kuvutia mlango, kisha akang'oa klipu moja moja kwa kibanio cha plastiki, si kwa bisibisi inayotoboa kava. Nailoni ya ndani aliibandua polepole ili gundi yake nyeusi isiharibike. Mafundi wengi huichana na kuitupa, halafu mvua ikinyesha mwenye gari anashangaa zulia limelowa. Maji huwa yanaingia ndani ya mlango siku zote na kutokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasije upande wako.

Akachomoa soketi ya mota, akaunga balbu ya taa ya breki kwenye zile nyaya mbili. Nikabonyeza juu, balbu ikawaka sawasawa. Nikabonyeza chini, ikawaka tena, kwa sababu nyaya ni hizo hizo na swichi inageuza tu mwelekeo wa umeme. Basi fyuzi nzima, swichi nzima, na nyaya zinazopita kwenye mpira pale bawabani nazo nzima (hapo ndipo zinapokatikia kwenye magari mengi, kwa kufungua na kufunga mlango miaka yote). Nikamuuliza mbona hatumii mita. Akasema mita inadanganya: waya uliobaki na nyuzi mbili tatu utakuonyesha volti 12 safi kabisa, ukiubebesha mzigo unakufa. Balbu yenyewe ni mzigo. Ikiwaka kwa kufifia, hata kama inawaka, tafuta tatizo kwenye nyaya.

Mkasi alikuta meno yake yote yapo na magurudumu ya plastiki hayajalika. Kilichokwisha ni kaboni za mota, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, ndiyo maana ilikuwa inazinduka kwa ngumi.

Dukani, muuzaji akaniletea moja: "Used ya Japani hii bosi wangu, haijaguswa." Nikacheka. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017, na Vigo ni ya katikati hapo. Nikaigeuza, lebo inasema imetengenezwa Thailand, ambako Vigo nyingi zimetoka. Kwangu ilikuwa habari njema kuliko uongo wake. Cha kuangalia zaidi ni upande. Gari lililotoka nchi za Ghuba dereva anakaa kushoto, kwa hiyo mota ya mlango wa kulia wa kule ni ya abiria. Umbo linaweza kukaa, soketi ikakataa. Nenda na mota yako ya zamani mkononi, linganisha soketi na pini zake, kisha izungushwe pande zote mbili kwenye betri usikie sauti yake.

Kasoro kubwa ya biashara hii ni kwamba kifaa cha umeme hakirudishwi, na risiti imeandika hivyo. Ikifa kesho ni yako. Pia used hujui imeshafanya kazi kiasi gani. Hii yangu ina mngurumo mzito kuliko ya mlango wa pili.

Wakati wa kufunga kuna jambo la hatari kidogo. Mkasi una springi ya kusaidia kubeba uzito wa kioo, na mota ndiyo inayoizuia. Ukifungua skrubu za mota bila kuubana mkasi kwa klampu, chuma kinafyatuka na vidole vyako vimo njiani. Kioo nacho kilishikiliwa juu kwa solotepu pana iliyopita juu ya fremu. Anayetaka kujifanyia nyumbani azingatie hayo mawili kwanza, spana namba 10 zije baadaye.

Kabla hajarudisha kava alinionyesha kilichoua mota: raba za kioo. Vumbi limegandamana na grisi niliyokuta imepakwa na mwenye gari wa kwanza, ikawa kama msasa. Grisi na mafuta kama oili huvimbisha raba na kukamata vumbi. Tulisugua kwa mswaki na maji ya sabuni, zikakauka, tukapuliza silikoni ya kulainishia. Kioo kikapanda haraka mpaka nikadhani swichi imekwama.

Nina cha kulinganisha. Mlango wa nyuma kushoto niliwahi kuweka seti mpya isiyo na jina la maana, 75,000, mota na mkasi pamoja. Mota haina neno. Mkasi ni bati jepesi, kioo kinapanda kimeinama upande mmoja na abiria anakisaidia kwa kiganja. Mpya ya asili niliyotajiwa bei ilikuwa zaidi ya mara nne ya used, na kwa gari la umri huu siitoi.

Kioo cha abiria wa mbele nacho kimeanza kupanda kivivu mchana. Duka bado sijaenda. Jumapili hii naosha raba.